Kufuli Miguuni pa Marit

Kisu cha mashine ya nyasi kiligonga kitu, na hakikuwa jiwe.

Mahfudh alilijua jiwe kwa sauti yake. Jiwe hupiga ukelele, kisha mashine nzima hutetemeka mpaka ukaisikia kwenye meno. Hiki kilitoa mlio mfupi, butu, kama mtu aliyepigwa kofi akiwa amefumba mdomo. Alizima mashine. Mbu, ambao walikuwa wakiogopa kelele, wakamjia wote pamoja.

Alipiga goti. Baridi ya huku Marekani huiinua ardhi kama hamira inavyoinua unga, na ikiyeyuka, vitu vilivyofukiwa kijuujuu hutoka vyenyewe: misumari, vigae, kijiko. Lakini hiki hakikuwa cha zamani. Kilikuwa kisanduku cha plastiki, cha namna ya kuwekea chakula, kimezungushiwa utepe wa rangi ya majani makavu ili kisionekane. Mtu alikuwa amekisukumiza chini ya jiwe bapa, miguuni pa kaburi moja la kale lenye jina la Marit. Jiwe lilikuwa limesogea, na kisu kikamega pembe moja ya kisanduku.

"Bismillahi," alisema Mahfudh, akakifungua.

Ndani mlikuwa na karatasi ndefu nyembamba, imeviringwa kama sigara, imejaa majina ya watu kwa miandiko mbalimbali. Kipande cha uzi mwekundu. Shanga. Sarafu ya nchi asiyoijua. Farasi mdogo wa plastiki aliyevunjika mguu. Na chini kabisa, kufuli dogo la shaba, limefungwa, bila ufunguo.

Mahfudh alikulia Mji wa Kale, Mombasa. Hakuhitaji kuelezwa. Majina ya watu, uzi mwekundu na kufuli lililofungwa, vyote vimefukiwa makaburini. Hata mtoto wa chuo cha Kurani angejua amefunua nini.

Aliketi kwenye nyasi zilizokatwa nusu, jasho likimpoa mgongoni. Jambo la kwanza alilolihisi halikuwa hofu. Lilikuwa furaha.

Jana yake, Jumapili, mkewe Nasima alikuwa amempigia simu kutoka Mombasa. Walizungumza mambo ya kawaida: maji yamekatika, Fatimah amejifungua mtoto wa kike, paa linavuja pale pale. Kisha Nasima akasema, kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya nyanya, "Nimelifungua lile sanduku."

"Umezianika nguo?"

"Nimezitoa."

Sanduku hilo lilikuwa uvunguni mwa kitanda tangu walipoambiwa kwamba maombi ya viza yamepokelewa na mke ajiandae. Nasima alijiandaa. Alipanga madera mapya, mabuibui, masweta ya mtumba aliyoyachagua mwenyewe Kongowea, na mbuzi ya kukunia nazi kwa sababu aliambiwa Marekani hakuna. Akalitia kufuli. Kila masika yakipita alilifungua, akaanika nguo zisishike ukungu, akazifukiza udi, akazikunja upya. Huku Mahfudh alikuwa akiuliza, na kila alipouliza aliambiwa faili linashughulikiwa. Miaka ikaenda. Hakuna aliyewakatalia. Wangekataliwa, angalau angejua ukuta uko wapi.

"Lile dera la samawati nimelivaa harusini kwa Swafiya," Nasima alisema. "Limenikaa vizuri. Watu wamelisifu."

"Lile si la siku ya kushuka ndege?"

"Ndege gani, Mahfudh?"

Hakusema kwa ukali. Angesema kwa ukali ingekuwa afadhali.

"Umetoa vyote?"

"Imebaki mbuzi. Haina pengine pa kukaa."

Basi ndiyo maana, akiwa ameketi pale na kisanduku mapajani, Mahfudh alifurahi. Miaka yote alikuwa akishindana na kitu kisicho na uso. Sasa kilikuwa mkononi mwake, na kilikuwa na kufuli. Na kufuli hukatwa.

*

Alwi, Mmombasa mwenzake, alikuwa na duka la manukato na vifuniko vya simu mtaani Cedar-Riverside, chini ya yale maghorofa marefu. Hakuwa shekhe. Lakini marehemu babake alikuwa akisomea watu maji kule Kuze, na Alwi alipenda kukumbusha watu hilo hasa pale biashara ilipokuwa imelala.

"Na umekifungua kwa mkono mtupu," alisema.

"Nishakifungua."

"Mtu mzima. Mwenye ndevu. Kwa mkono mtupu." Alikitazama kisanduku kwa mbali bila kukigusa. Mahfudh alikuwa amekiweka juu ya kaunta, ndani ya mfuko. "Kiondoe hapo, wateja waniona. Weka chini. Haya, kufuli lilikuwa limefungwa?"

"Limefungwa."

"Na wewe umepita juu yake muda gani?"

"Tangu nianze kazi pale. Kila wiki, kila kiangazi."

"Basi umejifunga mwenyewe, yakhe. Kila ukipita na mashine yako, wakaza."

"Lakini mimi hawanijui. Majina yote ya Kizungu."

"Uchawi hauulizi pasipoti. Apitaye ndiye hushikwa." Alwi akapangusa chupa ya udi ambayo haikuwa na vumbi. "Na makaburini mwa watu wafuata nini? Mkataba wako wa nyasi za ofisi wasema ukate mle ndani?"

"Hausemi."

"Ehe?"

"Nyasi zilikuwa zimefika kifuani. Nipite nje kila wiki nikijifanya sioni?"

"Na nimesikia wawatolea salamu hao maiti."

"Mwenye kuingia hubisha hodi."

"Wakujibu kwa Kinorwe?"

Kijana mmoja aliyekuwa akichagua kifuniko cha simu alicheka. Mahfudh hakucheka. Alwi akaona, akaacha mzaha.

"Sikiliza. Kitie chumvi ya mawe, ukifunge vizuri. Usikipeleke nyumbani, kiache garini. Ijumaa tukitoka msikitini, twende wote Mississippi. Maji yaendayo. Pale ukingoni usome, ukate kufuli, ndipo ukitupe. Ukikitupa na kufuli limefungwa, litakwenda limefungwa mpaka baharini."

"Na Nasima nimwambie arudishe nguo sandukuni?"

Alwi alianza kupanga chupa zake, kubwa nyuma, ndogo mbele.

"Ngoja Ijumaa kwanza," alisema.

Mahfudh hakuweza kungoja. Kutoka kwenye gari, kabla ya kuliwasha, alimwandikia: *Nguo usimpe mtu. Ngoja Ijumaa.*

Jibu lilikuja asubuhi. *Ijumaa kuna nini?*

Aliirudisha simu mfukoni. Swali aliliacha hivyo.

*

Jumatano alirudi makaburini Golden Valley kumalizia. Makaburi yalikuwa nyuma ya maegesho ya ofisi kubwa, kwenye kijisehemu cha miti ambacho watengeneza lami walikuwa wamekizunguka bila kukigusa. Uzio wa chuma ulikuwa umekula kutu. Waliozikwa pale walikuwa ukoo mmoja kutoka Norwe, watu wa kwanza kulima upande ule kabla hapajakuwa na barabara: Anders, nduguze, watoto wadogo wengi. Wafanyakazi wa ofisini waliegesha magari hatua chache kutoka hapo na hawakugeuza kichwa. Kando ya uzio vichaka vilivyopandwa na mtu aliyekufa zamani vilikuwa vimetoa maua ya zambarau, na harufu yake ilifika mpaka kwenye magari.

Ndani ya uzio alikuwamo mama wa Kizungu, amevaa kofia ya jua, fimbo mkono mmoja na simu mkono mwingine. Alikuwa akizunguka polepole, simu imetangulizwa mbele kama anayeongozwa nayo kwa kamba.

"Usinikatie mguu tu," alisema bila kugeuka. "Ninao mmoja ulio mzima."

Mahfudh alizungumza naye kwa Kiingereza chake cha kazini, ambacho kilimtosha.

"Unatafuta kaburi la mtu wako, mama?"

"Natafuta kisanduku cha plastiki cha kipuuzi, kilichofichwa na mume wangu mpuuzi."

Mahfudh alisimama. Mkono wake ulikuwa juu ya mpini wa mashine na ulibaki pale.

Yule mama aliitwa Susan. Alisema jina lake na mengine yote huku akiendelea kuzunguka, kama mtu aliyekosa wa kusema naye kwa siku nyingi. Ni mchezo, alisema. Watu wazima, wenye akili timamu, huficha visanduku sehemu zisizo na watu, kisha huwaambia wenzao kwa simu kiko upande gani, na kuwatolea fumbo. Ukikipata unaandika jina lako kwenye karatasi. Unachukua kikorokoro kimoja, unaacha kingine. Unakirudisha palipokuwa. Basi.

"Hakuna zawadi?" Mahfudh aliuliza.

"Hakuna. Nilimuuliza Maurice hivyo hivyo. Miaka yote nilimcheka. Jumamosi anavaa viatu vya matope, ananiambia, Susan, twende, na mimi namwambia nenda na upuuzi wako. Sikutoka naye hata mara moja." Alisimama, akaifuta simu kwa mkono wa shati. "Ameniacha majira ya baridi yaliyopita. Moyo. Sasa navitafuta alivyovificha. Vingine nimevipata, kimoja mti uliangukia. Hiki ni cha mwisho. Baada ya hiki sina pa kwenda."

Mfuko wa chumvi, kisanduku kikiwa ndani yake, ulikuwa kwenye sanduku la vifaa nyuma ya pikapu, mahali ambapo Susan angeweza kuuona kama angegeuka.

"Fumbo linasemaje?" Mahfudh aliuliza.

Susan alisoma: "*Miguuni pa yule ambaye hakufika.*"

Akaanza kupita jiwe kwa jiwe, akipapasa maandishi kwa vidole kwa sababu mvua ilikuwa imeyalamba. Mahfudh alimtazama. Angeweza kuiwasha mashine. Kelele ingewatenga, yeye angekata nyasi zake, mama wa watu angechoka na kuondoka, na Ijumaa ingefika. Alishika kamba ya kuwashia. Hakuivuta.

Susan alifika kwa Marit.

Mahfudh alilijua jiwe lile kuliko yote. Lilikuwa limesimama ubavuni pa jiwe la Anders, limechongwa na mkono ule ule. Marit, mke wa Anders. Mwaka wa kuzaliwa. Kisha mstari mfupi, kisha hapana kitu. Siku zote alidhani mama huyo amelala pale chini, ila hapakubaki mtu wa kumchongea mwaka wa pili.

"Ni huyu," alisema Susan. "Maurice alichimbua habari zake. Mume alitangulia, akajenga nyumba, akamwita. Alipoanza kuugua akachongesha mawe mawili, lake na la mkewe, tayari. Maurice alishikilia kwamba mke hakuja kabisa. Mimi nilimwambia alikuja, akaiona baridi, akarudi kwao siku ya pili."

Aliinama kwa shida, akalisukuma jiwe bapa kwa fimbo. Chini yake palikuwa na shimo dogo la mraba, safi, na sisimizi wakipita.

Alichokoa kwa ncha ya fimbo. Akachokoa pembeni. Akaitazama simu, akalitazama shimo.

"Hakipo," alisema.

Hakulia. Alijishusha taratibu mpaka akakaa kwenye ukingo wa kaburi la Anders, akaweka simu kifudifudi gotini. Mahfudh alitazama maua, alitazama magari, alitazama mikono yake. Akimpa, kisanduku kitakuwa plastiki. Ijumaa itakuwa Ijumaa tu. Na Nasima aliuliza kuna nini.

Bado palikuwa na jambo moja. Alilishika hilo.

"Kufuli," alisema. "Mume wako alitia kufuli?"

Susan aliinua uso. "Kufuli gani?"

"Dogo. La shaba. Limefungwa, halina ufunguo."

Mama alimkazia macho. Hakuwa mjinga.

"Maurice alitia farasi," alisema polepole. "Farasi wa mjukuu wetu. Hayo mengine huachwa na watu. Mtu anapekua mfuko, anaacha alicho nacho. Kufuli la begi, ufunguo umepotea, utalifanyia nini?" Akanyoosha mkono. "Kiko wapi, bwana?"

Mahfudh alikwenda kwenye pikapu. Ilikuwa safari fupi na aliiona ndefu. Alirudi na mfuko, akaufungua, akampa kisanduku kwa mikono miwili kama anavyopewa mtu mzima kwao. Chumvi ya mawe ikamwagika kwenye sketi ya Susan.

"Hii nini?"

"Chumvi."

"Naona ni chumvi. Kwa nini?"

Alimwambia. Kiingereza cha kazini hakikuwa na maneno ya mambo hayo, ikabidi aseme kwa mzunguko: kwamba kwao mtu akikutakia mabaya hukufunga, hutia jina lako kwenye kitu na kukizika makaburini, kwamba alikusudia kukitupa mtoni Ijumaa. Susan alisikiliza akiwa amefungua mdomo. Kisha akacheka. Alicheka mpaka akashika jiwe la Anders asianguke, na machozi yakamtoka, na haikujulikana tena ni ya nini.

"Ah, Maurice," alisema. "Maurice angekupenda wewe."

Alijifuta. Kisha akauliza, kwa sauti nyingine, "Na wewe ulifungwa nini?"

"Mke wangu."

"Yuko wapi?"

"Hajafika," alisema Mahfudh.

Susan hakucheka. Wote wawili walijikuta wakitazama ule mstari mfupi kwenye jiwe la Marit na mahali palipoachwa patupu mbele yake. Mahfudh ndiye aliyeondoa macho kwanza.

Susan aliikunjua karatasi. Jina la juu kabisa lilikuwa la Maurice, mwandiko wa mtu asiye na haraka. Aliliwekea kidole gumba na kukaa nacho hapo. Kisha akatoa kalamu, akateremka mpaka chini ya majina yote, akaandika lake. Akampa Mahfudh kalamu.

"Andika. Ulikipata kabla yangu."

Mahfudh aliichukua kalamu, akaiangalia karatasi, akaiangalia ardhi.

"Jina langu hapana," alisema, akairudisha.

"Bado unaogopa!"

"Kidogo."

"Basi chukua kitu, uache kitu. Hapo sikusamehe. Sheria ni sheria."

Alichukua kufuli. Cha kuacha hakuwa nacho. Alipapasa mifuko: funguo za gari, vipande vya kamba, tishu. Akakumbuka. Nyuma ya kizuia jua cha gari palikuwa na bahasha aliyokuwa ameletewa na mgeni kutoka Mombasa, na ndani yake kikuba cha Nasima: asumini, mkadi na rihani vilivyoshonwa pamoja, vimekauka mpaka vikawa rangi ya chai. Akikifinya, harufu bado ilikuwamo, kwa mbali. Alikuwa akijizuia asikifinye mara kwa mara ili isiishe.

Alikwenda akakileta, akakifinya mara moja, akakiweka karibu na farasi.

Susan aliinamisha pua. "Mungu wangu. Ni nini?"

"Maua ya mke wangu. Hujipachika hapa." Aligusa kifua chake.

"Mtu atakayekikuta atachanganyikiwa."

"Asikitupe tu mtoni," alisema Mahfudh, na hapo wakacheka wote.

Aliziba pembe iliyomegeka kwa utepe wa kazini. Susan ndiye aliyekirudisha shimoni, kwa mkono wake, na Mahfudh akalisukuma jiwe bapa mpaka likakaa. Kisha mama aliondoka kwa fimbo yake kuelekea maegeshoni, na alipofika langoni akasimama akatazama nyuma, kwa muda wa mtu anayetafuta kama hajasahau kitu. Hakuwa amesahau kitu. Akaenda.

*

Kufuli lilikuwa dogo sana kiganjani. La begi, kama alivyosema. Nasima alikuwa na kama lile.

Mahfudh alijua sasa. Hapakuwa na mtu aliyemfunga. Alikaa kwenye mlango wa nyuma wa pikapu, akatoa mkasi wa kukatia chuma, akatia kitanzi cha kufuli kati ya meno ya mkasi, akasoma kimyakimya kile alichokusudia kukisoma Ijumaa, akabana. Kilikatika kwa sauti ndogo kuliko alivyotarajia. Alilipindua kufuli huku na huku, limefunguka, kisha akalitia mfukoni.

Kule Mombasa magharibi ilikuwa ikiingia. Alitoa simu. Swali la Nasima lilikuwa bado pale juu ya kioo. Aliandika, akafuta. Akaandika tena, akafuta. Mwishowe akaandika:

*Ile mbuzi usiitoe. Huku kweli hakuna.*

Akatuma. Akarudi ndani ya uzio, akatoa salamu kwa sauti ya chini kama kawaida yake, akaiwasha mashine na kuanza pale alipokuwa ameachia. Alikata kwa Anders, akakata kwa watoto. Alipofika miguuni pa Marit aliizima, akaiweka simu juu ya jiwe bapa, kioo kikitazama mbinguni, akapiga goti na kuanza kung'oa nyasi kwa mkono, ukingo kwa ukingo.

Kioo kikawaka. *Nasima anaandika,* kilisema. Kikaacha. Kikaanza tena.

Mahfudh aling'oa nyasi taratibu, asimalize upesi.